Piza Garissa bila tanuri: Joto litakusaidia, maziwa mabichi yatakuponza

Huenda umewahi kuketi katika hoteli fulani jijini Nairobi, pengine mtaani Eastleigh, ukaletewa mkate mpana wa duara uliopakwa nyanya na kutandazwa nyama na jibini. Ukala, ukashiba, na ulipoonyeshwa bei ukashtuka. Uliporudi Garissa, Wajir au Mandera watoto wakakushikilia uwapikie chakula hicho kiitwacho piza, nawe ukawajibu kwamba ni cha watu wenye tanuri za umeme. Hilo si kweli. Mama anayejua kupika anjera na kusukuma sabayad tayari anajua zaidi ya nusu ya kazi yenyewe. Kilichobaki ni kujua hamira inavyofanya kazi, na kujua jinsi ya kupalia makaa.

Basi kwa nini habari za mapishi ziandikwe katika ukurasa wa afya? Ni kwa sababu piza hukusanya mahali pamoja vitu vitatu ambavyo katika eneo letu vimewaletea watu madhara makubwa: maziwa yasiyochemshwa, nyama isiyoiva, na jiko la makaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Ukivijulia vitu hivyo, utakuwa umewapa wanao mlo wenye wanga, protini na mboga kwa pamoja, tena kwa gharama ndogo. Usipovijulia, ni heri uwapikie ugali na sukuma wiki.

Isitoshe, piza si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Asili yake ni mji wa Naples huko Italia, na ufundi wa wapishi wa mji huo uliingizwa na shirika la UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mnamo 2017. Waitaliano hao hao ndio walioacha basto katika sahani za Wasomali. Jubaland, ng'ambo ya mpaka wa Liboi, ilikuwa mikononi mwa Waingereza hadi 1925 ilipokabidhiwa Italia, na mapishi hayajui mpaka. Hata kabla ya Mwitaliano kufika, Wasomali walikuwa na muufo na Waswahili wa mwambao walikuwa na mkate wa mofa, ambayo yote ni mikate ya kubandikwa ndani ya tanuri ya udongo yenye moto mkali. Mwokaji wa Naples akiona tanuri ya muufo hatahitaji kuelezwa ni ya nini.

ANZA NA MAZIWA

Wapishi wengi huanza na unga. Mimi nakushauri uanze na jibini, kwa sababu mbili. Kwanza, maji yatakayochujika kutoka kwa maziwa ndiyo utakayokandia unga. Pili, hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Jibini ya dukani hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa, lakini imesafiri kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi katika jua kali, na hujui imeyeyuka na kuganda tena mara ngapi njiani. Ukiona pakiti imefura au imetoa maji, iache papo hapo. Jibini ya kujitengenezea ni rahisi na salama, ila kwa sharti moja: maziwa yachemshwe.

Najua sharti hili huleta ubishi. Wapo wafugaji wanaoamini kwamba maziwa yakichemshwa hupoteza nguvu yake, na kwamba maziwa ya ngamia hasa ni dawa yakinywewa mabichi. Siwadharau wanaoamini hivyo. Maziwa yamewalea watu wa nchi hii kavu kwa karne nyingi. Lakini ugonjwa wa bruselosisi, ambao wengi huuita brusela, upo katika mifugo ya eneo letu, nao humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, jibini na siagi zilizotokana nayo, au kwa kumshika mnyama aliyetupa mimba. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wote huupata. Mnyama mwenyewe aweza kuonekana mzima kabisa.

Dalili zake ni za hila. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku hadi shuka zikalowa, viungo na kiuno huuma, na mgonjwa huhisi uchovu usiokwisha. Wengi hudhani ni malaria au homa ya matumbo, wakanywa dawa za duka, wakapata nafuu siku chache, kisha homa ikarudi. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Matibabu yapo, lakini huchukua majuma sita au zaidi, kwa dawa mbili au zaidi zinazotumiwa pamoja, na anayeacha njiani ugonjwa humrudia. Iwapo wewe au mtu wa nyumbani mwako ana homa ya namna hiyo, mwambie daktari waziwazi kwamba mnakunywa maziwa mabichi au mnafuga. Neno hilo moja laweza kumfanya apime damu yako kwa ugonjwa unaostahili. Maziwa mabichi yanaweza pia kubeba aina ya kifua kikuu inayotoka kwa ng'ombe.

Vijidudu vyote hivyo hufa maziwa yakichemka. Vitamini chache hupungua, ni kweli, lakini protini na madini ya kalisi, ambayo ndiyo tunayoyatafuta hasa katika maziwa, hubaki.

Sasa tengeneza jibini. Chukua lita 2 za maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi. Yachemshe hadi yafure, upunguze moto, uyaache yatokote kwa dakika mbili hivi huku ukikoroga yasishike chini. Epua. Ngoja kidogo, kisha tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja cha mezani huku ukikoroga polepole. Baada ya vijiko vitatu au vinne utaona mabonge meupe yakijitenga na maji yenye rangi ya manjano hafifu. Iwapo maji bado ni meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, kamua, funga, kisha weka kitu kizito juu yake kwa saa moja. Utapata robo kilo ya jibini au zaidi kidogo. Tia chumvi nusu ya kijiko cha chai, wala usizidishe. Jibini hii itumiwe siku hiyo hiyo. Sufuria au kibuyu kilichobeba maziwa mabichi kisiguse jibini iliyo tayari kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni.

Nikuonye mapema kwamba jibini ya ndimu haivutiki kama uzi. Haitayeyuka kama ile ya hotelini, bali itakuwa laini na kushika rangi ya kahawia kidogo kingoni. Ladha yake ni nzuri, na kwa wale wanaojali jibini ya dukani imegandishwa kwa kitu gani kutoka tumboni mwa mnyama gani, hii haina swali lolote.

Je, maziwa ya ngamia? Hapa ndipo wengi hupoteza maziwa yao. Protini za maziwa ya ngamia zimejengeka tofauti na za ng'ombe, na ukitia ndimu hupati mabonge bali vijichembe vinavyopita katika kitambaa. Si wewe uliyekosea. Huko Nouakchott, nchini Mauritania, kiwanda cha Tiviski kilihangaika na jambo hilo hilo kabla ya kufaulu kuuza jibini ya ngamia katika miaka ya 1990, tena kwa msaada wa wataalamu. Maziwa yako ya ngamia yachemshe uyanywe, au uyatie katika chai. Jibini ifanye kwa ya mbuzi.

HAMIRA NI KIUMBE HAI

Hamira si unga wala dawa. Ni viumbe hai vidogo sana vya jamii ya kuvu, vilivyokaushwa vikalala usingizi. Vikipata maji ya uvuguvugu huamka, vikala sukari iliyomo katika unga, na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo hunaswa na mvutano wa unga wa ngano, nao unga ukaumuka. Pamoja na hewa hutoka chembe kidogo za alkoholi, jambo ambalo baadhi ya wasomaji huulizia. Sehemu kubwa yake hutoweka motoni, na mkate wa dukani unaokula kila asubuhi umepita njia iyo hiyo.

Ukielewa kwamba ni kiumbe hai, hutasumbuka tena. Hamira hupenda joto la mwili wa binadamu au chini ya hapo kidogo. Baridi huipumbaza. Joto linalokaribia digrii 55 hadi 60 huiua. Mpishi wa Limuru huhangaika kutafuta pahali pa joto pa kuumulia unga wake; wewe wa Garissa una shida iliyo kinyume cha hiyo. Mara ya kwanza nilipojaribu kupika piza nilichota maji moja kwa moja kutoka kwa mpira mweusi uliokuwa umeshinda juani tangu asubuhi. Saa moja baadaye donge langu lilikuwa limelala vilevile kama nilivyoliacha, nami nikamlaumu mwenye duka kwa kuniuzia hamira mbovu. Hamira ilikuwa nzima. Ni mimi niliyeitia maji ya kuchemshia chai. Tangu siku hiyo humwagia maji kidogo kwenye kifundo cha mkono kwanza, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto. Nikihisi yananichoma, nasubiri.

Kwa piza mbili zenye upana wa sentimita 25 hivi, pima unga wa ngano gramu 500, yaani robo ya pakiti ya kilo 2, au vikombe 4. Nunua unga wa pakiti ulioandikwa kwamba umeongezwa virutubisho. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti waongeze madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini, ikiwemo asidi ya foliki, ambayo mama mjamzito anaihitaji ili mtoto asipate kasoro ya uti wa mgongo. Unga unaopimwa kutoka katika gunia lisilo na maandishi hujui una nini.

Changanya unga na kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chengachenga, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha sukari. Mapishi mengi ya vitabuni hutaja hamira mara mbili ya hiyo, lakini vitabu hivyo viliandikiwa nchi za baridi. Tia vijiko viwili vya mezani vya mafuta, kisha yale maji yaliyochujika katika jibini, yakiwa yamepoa hadi uvuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja na robo. Yamimine kidogo kidogo, kwa maana unga hutofautiana. Kanda kwa dakika kumi. Mwanzoni utanata vidoleni na utatamani kuongeza unga, vumilia. Donge likiwa laini kama ndewe ya sikio, lipake mafuta, liweke katika bakuli na ulifunike kwa kitambaa chenye unyevu, kwani upepo mkavu hulitia ukoko.

Liweke kivulini, si juani. Katika joto la mchana linaloweza kupita digrii 35 litaumuka maradufu kwa dakika arubaini na tano hivi. Lichome kwa kidole: shimo likirudi polepole, liko tayari. Ukilisahau kwa saa tatu ukaenda sokoni, utalikuta limeanguka na linanuka uchachu. Bado linalika, lakini halitapanda tena vizuri jikoni.

Hapa niseme neno juu ya anjera. Uji wa anjera unaolala usiku kucha ukichacha hufanya jambo ambalo piza ya saa moja haifanyi. Nafaka, hasa zile zisizokobolewa kama mtama, zina kitu kiitwacho faiteti ambacho hushikilia madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Kuchacha kwa muda mrefu hukipunguza. Kwa hiyo mama anayedhani kwamba piza ni chakula bora kuliko anjera ya mtama kwa sababu tu imetoka ng'ambo, anajidanganya.

NYANYA NA NYAMA

Mashamba ya kando ya Mto Tana hutupatia nyanya, vitunguu, mapapai na maembe, na huna haja ya kununua nyanya za kopo. Chukua nyanya sita za kiasi zilizoiva sana. Kaanga kitunguu kimoja na punje tatu za vitunguu saumu katika vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya zilizokatwakatwa, bizari nyembamba kidogo na pilipili manga. Usitie maji. Acha zichemke kwa moto mdogo dakika ishirini na tano hivi, hadi ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi. Mchuzi wenye maji ndio unaoharibu piza za wanaoanza: juu huonekana imeiva, katikati ni uji.

Nyama iwe imepikwa kabisa kabla ya kuwekwa juu ya unga. Sisitizo hili si la ladha. Piza hukaa motoni dakika chache tu, tena jiko la makaa si tanuri ya Naples, na nyama mbichi haitaiva ndani yake. Watu wa Garissa hawahitaji kukumbushwa mwishoni mwa 2006, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka hapa baada ya mvua kubwa na mafuriko, watu wakafariki na uchinjaji ukasimamishwa kwa muda. Ilikuwa imekwisha kupita hapa mwaka 1997 na 1998. Virusi vyake huenezwa na mbu, lakini watu wengi huambukizwa kwa kushika damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, au kwa kunywa maziwa mabichi. Nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, na kibao ulichokatia nyama usikatie vitunguu vya kachumbari kabla ya kukiosha.

Nyama ya mbuzi au ya ngamia iliyosagwa inafaa sana. Kaanga gramu 300 pamoja na kitunguu hadi isibaki hata chembe nyekundu na maji yakauke. Walio na nyirinyiri nyumbani wana bahati, kwani tayari imeiva na vipande vyake ni vidogo. Lakini nyirinyiri imehifadhiwa katika mafuta, na mara nyingi ina chumvi ya kutosha. Ichuje vizuri, na siku hiyo usitie chumvi katika mchuzi wa nyanya. Ongeza pilipili mboga iliyokatwa vipande vyembamba na mchicha kiganja kimoja. Watoto wasiopenda mboga hawatauona mchicha chini ya jibini, na wewe usiwaambie.

KUOKA BILA TANURI

Njia ya kwanza ni ya kikaango cha chapati, nayo ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Gawanya donge mara mbili. Sukuma moja hadi liwe na unene wa nusu sentimita, kingo zikiwa nene kidogo. Pasha kikaango kwa moto wa kiasi, weka mkate bila mafuta, na baada ya dakika mbili au tatu, chini kukiwa na madoa ya kahawia, ugeuze. Upande ulioiva sasa uko juu. Paka mchuzi wa nyanya haraka, usizidi vijiko vitatu vya mezani, tandaza nyama, mboga na jibini iliyovunjwavunjwa, nyunyiza matone ya mafuta juu ya jibini, punguza moto na ufunike kwa kifuniko kinachobana kwa dakika tano. Kwa kuwa mkate ulikwisha kuiva upande mmoja na nyama ilikwisha kupikwa, hakuna kitakachobaki kibichi.

Njia ya pili ndiyo inayoleta piza ya kweli. Ni ile ile ya kupalia makaa ambayo akina mama wa Lamu na Mombasa huitumia kuoka mikate. Tafuta sufuria kuukuu nzito yenye kifuniko bapa cha chuma. Tia mchanga mkavu ndani kimo cha vidole viwili. Usitumie mawe yaliyotoka mtoni, kwani jiwe lililonyonya maji laweza kupasuka kwa kishindo likipata moto na kumjeruhi aliye karibu. Funika, weka makaa juu na chini, uache ipate moto kwa robo saa. Kisha telezesha sahani ya bati yenye piza iliyokwisha kupambwa, uilaze juu ya mchanga. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kama mafungu mawili kwa moja, la sivyo utaunguza chini huku juu kukiwa kweupe. Baada ya robo saa inua kifuniko kwa koleo, polepole, majivu yasianguke ndani. Kwa kawaida dakika kumi na tano hadi ishirini hutosha.

Wenye tanuri ya muufo wasijaribu kubandika piza ukutani. Nyanya zitaishia katika majivu. Bandika mkate mtupu, ukiiva utoe ndipo uupambe.

Jambo hili uoke nje, uani au barazani. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na ambayo imeua jamaa nzima usingizini katika nchi hii. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Anayeonyesha dalili hizo atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini hata akisema amepata nafuu. Baada ya kuoka, usilichukue jiko ndani eti makaa yasipotee bure. Pia watoto wadogo wakae mbali. Kifuniko kilichobeba makaa hakionekani kuwa cha moto hadi mkono umekwisha kukigusa.

NANI ALE KIASI GANI

Piza hizi mbili zinawatosha watu watano wakiwa na kachumbari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile chumvi kufikia gramu 5 kwa siku, ambacho ni kijiko kimoja tu cha chai. Kijiko ulichotia katika unga kikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja amepata kama gramu moja, bila kuhesabu jibini na nyama. Kwa hiyo vile vidonge vya kuongezea mchuzi ladha viache dukani, hasa kama nyumbani kuna mzee mwenye shinikizo la damu.

Mwenye ugonjwa wa kisukari hakatazwi piza, lakini unga mweupe hugeuka sukari upesi katika damu. Badilisha theluthi moja ya unga kwa atta, uongeze maji kidogo, na yeye ale kipande kimoja au viwili baada ya kachumbari, si kabla yake. Soda isiwepo mezani. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja aweza kupewa vipande vidogo visivyo na pilipili, ila nyirinyiri ngumu zaweza kumkaba.

Halafu kuna chai. Najua mlo wa kwetu haukamiliki bila chai, lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika unga na mboga. Kwa akina mama wajawazito na wasichana, ambao ndio wanaopungukiwa damu zaidi, ni afadhali isubiri saa moja au mbili. Ndimu iliyokamuliwa katika kachumbari, au kipande cha papai baada ya kula, hufanya kinyume chake: husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Mabaki nayo yana kanuni yake. Chakula kilichopikwa chenye nyama au jibini kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na pahali penye joto linalopita digrii 32, yaani Garissa karibu kila mchana, kisizidi saa moja. Harufu si kipimo, kwani chakula chaweza kunukia vizuri na bado kikakuendesha usiku kucha. Kilichowekwa katika friji kipashwe moto katika kikaango kikavu hadi kitoe mvuke, mara moja tu. Wale ambao hupenda kubakiza piza ya futari kwa ajili ya daku mwezi wa Ramadhani, na hawana friji au umeme umekatika, waoke mkate wa pili mtupu jioni na kuufunga katika kitambaa safi. Saa ya daku ikifika wakate nyanya mbichi na vitunguu, waupashe moto katika kikaango pamoja na yai, na waule hapo hapo.